Mwanangu Anasomea Dizeli



Safari hii ukurasa wa mwalimu umeniangukia mimi. Nilipanga kuandika juu ya ngeli ya Ki-Vi, maana bado kuna watu darasani wanasema "kitabu yangu", nao wanajijua. Hilo litasubiri. Leo nina jambo la kukiri, na linawahusu ninyi kwa sababu lilitokea hapa hapa shuleni, mlangoni mwa darasa letu.

Mnakumbuka somo letu la kazi. Niliandika ubaoni: daktari, mkulima, dereva, nesi, mwalimu, fundi. Tulikaa sana kwenye neno fundi. Niliwaambia kwamba fundi ni mtu aliyeijua kazi yake mpaka mikono yake inaijua. Kuna fundi cherehani, fundi seremala, fundi bomba, na mtu akipika pilau ikakubali watu husema huyu ni fundi. Nikawaonyesha ndugu za neno hilo: kufunda, kufundisha, mafunzo, mwanafunzi. Nikasema, "Mnaona? Mwanafunzi na fundi ni ukoo mmoja." Mlifurahi, mkaandika.

Muda wa kuondoka, mzazi mmoja akaniuliza mlangoni, kwa wema tu, "Mwalimu, yule kijana wako mkubwa siku hizi anasoma nini?"

Nikajibu haraka, "Anasomea uinjinia."

Nilipogeuka, nikamwona mwenyewe amesimama pale, funguo za gari mkononi, ovaroli la kazi limechomoza chini ya koti. Alikuja kunichukua. Alimwamkia yule mzazi, "Shikamoo," akanipokea mkoba wangu wa vitabu, tukaenda.

Garini hakusema neno mpaka tukapita taa za pili. Mwanangu akikasirika huhamia Kiingereza. Siku ile alisema kwa Kiswahili, polepole: "Mama, mimi sisomei uinjinia. Nasomea dizeli. Kama unaona haya, nyamaza. Lakini usiseme uongo."

Watoto wangu, mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ni nesi, ninazoea kuulizwa maswali magumu na wagonjwa. Siku ile sikuwa na jibu. Saa moja kabla nilikuwa nimesimama ubaoni nikilisifu neno fundi, na fundi wa nyumbani kwangu nikamficha.

Nimejiuliza kwa nini nilisema vile. Sababu ya kwanza mnaijua ninyi wazazi. Tukikutana kwenye arusi na misiba huku ugenini, watoto wetu ndio kadi zetu. Wangu yuko udaktari, wako yuko sheria, wa fulani kapata kazi ya kompyuta. Ukisema "wangu yuko gereji" unaona macho ya watu yanakuhurumia kidogo. Nilitaka kuyaepuka macho hayo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa malori kule Tanga. Hakwenda shule ya ufundi. Alianza akiwa kijana kwa kumshikia fundi taa na kumpitishia spana, mpaka na yeye akawa fundi. Gereji yao ilikuwa chini ya mwembe. Lori likiinuliwa kwa jeki, walilitegemeza kwa mawe na vipande vya magogo, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Siku moja jeki iliteleza. Mjomba alipona, lakini mkono wake wa kulia ulipondwa, akapoteza vidole viwili, na ufundi ukaishia pale. Mimi nilikuwa darasa la sita. Ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji wodini, na pale wodini ndipo nilipowaona manesi wakimfunga bandeji, nikasema moyoni nami nitakuwa nesi.

Kwa hiyo mwanangu alipomaliza sekondari akasema anataka kusomea injini za malori, mimi sikusikia neno chuo. Nilisikia jeki. Nikamwambia, "Sikuvuka bahari ili ukalale chini ya lori." Baba yake alinyamaza. Yeye huendesha lori, na alijua wazo lile lilitoka wapi.

Lilitoka kwenye asubuhi moja ya Januari. Hapa Columbus barabara kuu namba 70 na namba 71 zinakutana, malori hayalali. Siku hiyo lori la baba yake liligoma kuondoka. Injini inawaka, magurudumu hayaendi. Walikwenda wote wawili, kijana akiwa na miaka kumi na saba. Akaja fundi, mama mmoja wa makamo, akawaeleza jambo ambalo mwanangu alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyeokota pesa. Alisema watu wengi hudhani katika lori kubwa upepo ndio unaofunga breki ya kuegeshea. Ni kinyume. Kinachofunga ni springi nene za chuma. Upepo uliobanwa ndio unaozisukuma ili breki ifunguke. Upepo ukiisha wote njiani, springi zinakamata magurudumu, lori linasimama. Asubuhi ile unyevu uliokuwa ndani ya mabomba ya upepo ulikuwa umeganda kuwa barafu, upepo haupiti, breki hazifunguki. Mwanangu aliniambia, "Mama, mtu aliyebuni hii alifikiria kwanza kitakachotokea mambo yakiharibika." Nikamwambia ale chakula kinapoa.

Akajiandikisha mwenyewe katika chuo cha jamii cha hapa mjini. Sasa sikilizeni kichekesho cha mambo haya. Chuo kile kile ndicho kilichonipa mimi unesi. Nilifika nchi hii na cheti changu cha kidato cha nne, nikaanza kwa kuosha wazee na kubadilisha mashuka, kisha nikasoma unesi jioni nikiwa na watoto wadogo. Vyuo vya jamii vya Marekani vimewekwa kwa ajili ya watu wa namna yetu: wenye kazi, wenye watoto, wasio na fedha za chuo kikuu. Vina historia ndefu. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901. Miaka yote niliyosoma pale, darasa letu lilikuwa mkono wa kushoto na karakana za mafundi mkono wa kulia. Sikuwahi kwenda mkono wa kulia.

Baada ya ile siku ya garini, nilimwomba mwanangu anipeleke. Chuo kina siku ya wazazi na wageni. Alinitazama kama anayeuliza kama ninatania, akasema sawa.

Jambo la kwanza: hakuniruhusu kulikaribia lori. Lilikuwa limeinuliwa mbele. Aliniambia nisubiri nyuma ya mstari wa manjano, akanionyesha kwa kidole. Magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa kabari. Chini ya ekseli kuna stendi mbili za chuma, na uzito wote umekaa juu ya stendi hizo. Akasema, "Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna anayeingia chini ya kitu kilichoshikwa na jeki. Ukifanya hivyo hapa unatolewa darasani." Mjomba nilikuwa nimemsimulia mara moja tu, zamani. Kumbe alisikia. Nilijifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Halafu akanionyesha injini iliyokatwa ubavu ili wanafunzi waone ndani. Watoto, hili nataka mlijue, maana mnapanda mabasi ya shule kila siku na mengi yana injini hiyo. Injini ya petroli huwashwa na plagi, inayotoa cheche. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inapanda na kuibana hewa mpaka kiasi kilichojaza vikombe kumi na sita kinabanwa kwenye kikombe kimoja. Hewa ikibanwa hivyo inapata moto, zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyiziwa humo inawaka yenyewe. Kama hamniamini, chukueni pampu ya baiskeli, zibeni tundu kwa kidole, sukumeni mara nyingi, kisha shikeni bomba lake. Na Dizeli ni jina la mtu: Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Mwaka 1913 alipanda meli kwenda Uingereza, akatoweka baharini usiku.

Nilipokuwa namsikiliza mwanangu, nesi ndani yangu aliamka. Akanieleza nozeli zinazonyunyiza dizeli. Katika injini za siku hizi shinikizo lake linaweza kupita baa 2,000. Tairi la gari letu dogo lina baa mbili na kidogo. Nikataka kumwonya, kwa sababu tunafundishwa jambo hili kazini: mafuta ya shinikizo kubwa yakitoka kwenye ufa mdogo wa bomba hupenya ngozi kama sindano, hata kupitia glavu. Kitundu ni kidogo kama cha pini na mwanzoni hakiumi sana, mtu anafunga plasta anaendelea na kazi, huku ndani nyama inakufa. Asipofika kwa daktari wa upasuaji mapema, kidole kinakatwa. Kabla sijamaliza akanikatiza, "Ndiyo, Mama. Ndiyo maana uvujaji tunautafuta kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Na mtu akichomwa ni hospitali hapo hapo, hata kama anacheka." Nikaona kwamba mwalimu wake na mimi tunafundisha somo moja.

Kisha akanishangaza zaidi. Malori ya sasa yana tangi dogo la pili, la maji yaliyochanganywa na yurea, asilimia 32.5. Nikasema, "Yurea? Hii hii ninayoisoma kwenye vipimo vya figo?" Akasema hiyo hiyo. Hunyunyiziwa kwenye moshi wa moto, na kwa msaada wa kichocheo hubadilisha gesi chafu kuwa naitrojeni na mvuke wa maji. Kabla ya hapo kuna chujio linalokamata masizi, nalo hujichoma lenyewe kila likijaa. Maji yale ya yurea huganda baridi ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri, kwa hiyo tangi hupashwa moto. Nilisimama pale nikafikiri: lori lina mapafu, lina figo, lina mishipa, na mwanangu analipima. Alichukua kompyuta, akaichomeka kwenye lori, akasoma makosa, lakini hakuyaamini moja kwa moja. Akachukua mita, akapima umeme kwenye waya mmoja baada ya mwingine. Aliniambia kompyuta husema inachohisi, si lazima iwe kweli. Hivyo hivyo sisi: mashine ikilia, kwanza mtazame mgonjwa.

Lipo jambo la Kiswahili nalo. Nilimwambia anieleze yote kwa lugha yetu. Alijitahidi, akakwama. Spana hakuijua kwa jina hilo, kwa sababu maneno yetu ya gereji mengi tuliyachukua kwa Waingereza, na Wamarekani wana majina yao. Ndivyo ilivyo kwa spana, boneti, petroli, lori. Nikampa hayo na bisibisi, na baba yake jioni akampa breki za upepo, klachi, na utingo. Mwanangu sasa amebandika karatasi ndani ya kisanduku chake cha vifaa, Kiswahili upande mmoja. Anasema Mkongo mmoja wa darasani kwao ameanza kuinakili na kuongeza ya kwao.

Sasa wazazi wenzangu, na ninyi wakubwa wa sekondari, nisiwapambie. Kazi hii ni ngumu. Mikono haitakati kwa siku moja. Karakana ina kelele, wakati wa baridi mlango ukifunguliwa upepo unaingia mpaka kwenye mifupa, na vijana wapya mara nyingi hupewa zamu ya usiku. Magoti na mgongo vina hesabu yao. Hilo nalisema kama nesi. Asiyependa kusoma asidhani amepata pa kujificha, maana kuna hesabu, kuna michoro ya umeme, na vitabu vya marekebisho vya kurasa nyingi. Fundi pia hununua vifaa vyake mwenyewe, na sanduku likijaa ni dola elfu kadhaa. Sisi tunanunua kidogo kidogo. Tulimwambia asikopwe na gari la vifaa linalopita karakanani kila wiki, likimpa kila kitu kwa mkopo.

Lakini na haya myajue. Kwa kawaida unaweza kusoma cheti cha mwaka mmoja hivi, au shahada ndogo ya miaka miwili. Mwombaji hujaza fomu ya FAFSA, na mwenye kipato kidogo anaweza kupata Pell Grant, ambayo haidaiwi. Kwa mwaka wa masomo 2024 hadi 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Raia na wenye kadi ya kijani wanaweza kuomba, na mwenye hati ya aina nyingine aulize ofisi ya misaada ya chuo asikate tamaa mwenyewe nyumbani. Baada ya hapo kuna mitihani ya ASE, chombo kilichoanza mwaka 1972, ambayo ina sehemu zake kwa malori: injini za dizeli, breki, umeme na kadhalika. Cheti kamili kinataka mtihani pamoja na uzoefu wa kazi, na baada ya miaka 5 unafanya upya. Kwa takwimu za serikali za miaka hii, fundi wa dizeli wa kati hapa Marekani hupata kama dola 60,000 kwa mwaka. Wapo wenye shahada kubwa wasiofika hapo, na wanadaiwa.

Na hata nyumbani mambo si kama enzi za mjomba. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vijana wanasoma ufundi wa magari darasani na karakanani. Nimewaza mara nyingi: kama mjomba angewekewa stendi mbili za chuma, angekuwa bado na mkono wake. Ufundi haukuwa na kosa. Nami miaka yote nilikuwa nimeukasirikia ufundi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanangu anainama chini ya lori. Mimi ilinibidi niiname zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba aje darasani. Mliokuwepo mnajua. Nilisimama ubaoni nikawaambia kwamba wiki iliyopita mwalimu wenu alisema uongo mlangoni, nikaeleza. Mlikaa kimya sana. Kisha mwanangu akapitisha nozeli kuukuu mkononi kwa kila mmoja, na Kiswahili chake kikakwama mara tatu, mkamsaidia. Mmoja wenu akamuuliza kama anaweza kutengeneza gari la mwalimu linalopiga kelele. Akasema, "Gari la Mama ni la petroli, mpelekeeni mwingine." Mlicheka, na mimi nilicheka. Tulipofika nyumbani alifungua boneti akalitazama.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni hii. Kila mwanafunzi amuulize mtu mzima wa nyumbani: mikono yako ilijua kufanya nini kabla ya kuja nchi hii? Iwe kusuka, kuvua, kushona, kuunga chuma, kuzalisha akina mama. Mwombe majina ya vifaa vitatu vya kazi hiyo kwa Kiswahili chake, hata kama ni Kiswahili cha Bukavu au cha Lamu, na uyaandike kama alivyoyatamka. Wazazi, tafadhali msijibu "hiyo ilikuwa kazi ndogo tu". Waacheni watoto waandike.

Na kwa yule mzazi mwenzangu aliyeniuliza mlangoni: samahani, nilikujibu vibaya. Kijana wangu anasomea ufundi wa dizeli. Yuko mwaka wa pili, na mtihani wa breki ameshafaulu.